Sarafu Iliyosuguliwa kwa Majivu

Kibera, karibu na Ayany
6 Machi 1995

Kwa Rachael, mtoto wa dada yangu,

Natumai barua hii inakukuta umeketi, si umeinama juu ya karai la nepi. Mimi ni mzima, ila mvua imeanza kuingia kibandani. Mumeo Okeyo anaendeleaje? Na Billy, kitovu kimekauka vizuri?

Jana nilirudi na furaha mpaka nikapita njia ya kwangu. Mtoto ni mzuri jamani! Sura ya marehemu mama yako kabisa, hata paji la uso.

Sasa kuna jambo, na usicheke. Unajua mimi hufunga kila kitu kwa kitambaa cheupe na uzi, mazoea ya ufundi wa saa. Nilikuwa nimefunga sarafu tatu mpya za shilingi kumi za kumwekea Billy mkononi, maana mtoto haonwi mara ya kwanza kwa mikono mitupu. Leo nimefungua sanduku la sarafu zangu za ukumbusho, zile sita nilizokusanya kwa miaka ishirini. Mahali pa ile ya fedha, ya Benki Kuu kutimiza miaka ishirini na mitano, nimekuta zile shilingi kumi tatu. Kwa hivyo unajua Billy ana nini.

Mpe Celine hiyo sarafu akija soko la Toi kuuza nguo, huyu huyu aliyekuletea barua. Kuna mtu wa Westlands anataka kuziona zote sita kabla ya Pasaka. Usiishike kwa vidole. Na tafadhali, usiioshe!

Mjomba wako mwenye haraka,
Khamala

Kawangware, upande wa Riruta
9 Machi 1995

Kwako Mjomba,

Sasa Mjomba! Huku tuko wazima, Billy ananyonya kama amelipwa. Okeyo amepata kibarua cha kupaka rangi. Mama mkwe Nereah ndiye ananipikia uji, na ukitushtaki, tushtaki sote wawili.

Umesema nisiioshe. Mjomba, nimeshaiosha. Nilipofungua kitambaa niliona ina weusi pembeni, nikasema zawadi ya mjomba haiwezi kukaa chafu mbele ya wageni. Nikachukua majivu na waya ya kusugulia sufuria, nikaisugua vile mama alinifunza, mpaka ukiitazama unaona meno yako. Mama Nereah naye anasema ikishaingia mkononi mwa mtoto hairudi. Lakini ukiitaka nitapigana naye niilete mwenyewe.

Kinachonisumbua ni kingine. Fundi wa saa za akina mama, mtu wa kuokota skrubu ndogo kama punje ya wimbi, anachanganyaje sarafu kubwa vile na shilingi kumi? Jumapili ulimsalimia jirani yangu Nduku ukamwita Rachael, tukacheka tukidhani ni utani wako. Na mistari ya barua yako imepandana. Macho yako yana nini, Mjomba? Niambie kama vile ungemwambia mama.

Binti ya dada yako,
Rachael

Kibera
2 Aprili 1995

Rachael,

Salamu kwako, kwa Okeyo na kwa Mama Nereah mwenye sheria zake. Nimeandika kwa herufi kubwa, ndiyo maana karatasi ni tatu.

Wiki ya kwanza nilinyamaza kwa hasira. Majivu! Na waya! Sarafu ya ukumbusho hutoka kiwandani iking'aa kama kioo, na ikishakwaruzwa hakuna mkusanyaji anayeitaka. Hata ule weusi huachwa ulivyo. Nilimwambia yule mtu wa Westlands ukweli, akasema hataki seti yenye kasoro, akaenda zake.

Wiki zilizofuata nilinyamaza kwa aibu. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Saa za akina mama niliacha kupokea tangu Krismasi, sasa nabadilisha mikanda tu kwa kupapasa. Daktari anasema nikipasuliwa nitaona. Nilitaka kuziuza zote sita nilipie, na sikutaka uhangaike ukiwa na mimba.

Basi, yamepita. Billy akae na yake. Usijilaumu, aliyechanganya ni mimi. Hizi tano nazijua kila moja kwa kidole.

Mjomba wako,
Khamala

Kawangware
4 Aprili 1995

Mjomba,

Salamu atakupa Celine kwa mdomo, mimi leo nina hasira. Mama alipotuacha ulinilea kwa saa za watu, ukanilipia karo, halafu macho yako unanificha! Nimelia mpaka Mama Nereah akaninyang'anya mtoto.

Sasa nisikilize. Nilienda mjini na Okeyo, kwa mzee mmoja anayenunua sarafu. Anasema hata bila seti zinauzika moja moja, na ile ndogo ya dhahabu ya sitini na sita ina bei nzuri. Tumepiga hesabu. Tano zinatosha jicho moja. La pili tutalitafutia. Najua nakuomba uuze miaka ishirini yako, na roho inaniuma, kwa sababu majivu ni yangu.

Jumatatu nakuja kukuchukua. Vaa koti. Na uangalie unayemsalimia, Nduku pia anakuja.

Binti yako,
Rachael

Kibera
23 Mei 1995

Kwa binti yangu Rachael,

Nakuandikia kwa jicho moja na mistari imenyooka, ithibitishe kwa rula ukitaka. Uji wa Mama Nereah bado uko tumboni tangu juzi.

Sanduku ni tupu na sitakudanganya, nimelifungua mara kadhaa. Lakini Jumapili, ulipokuwa jikoni, niliitazama ile ya Billy kwa kioo changu cha kukuzia, kile cha ufundi wa saa. Mikwaruzo yako inazunguka duara kwa duara, kama chini ya sufuria. Ndivyo dada yangu alivyosugua.

Kuna jambo lingine. Mtoto hafanani na mama yako hata kidogo. Paji ni la Okeyo, na masikio pia, maskini. Siku ile nilisema tu, nikufurahishe. Niliona kitu cheupe mikononi mwako, basi.

Kwa hivyo zile shilingi kumi tatu ulizokuta mkononi mwake Jumapili, usidhani nimezeeka nikasahau kwamba nilishampa. Mtoto akionwa mara ya kwanza huwekewa kitu mkononi.

Mjomba wako,
Khamala