Ubavu wa Kitanda cha Bibi

Baba,

Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, pale ulipopenda kunolea patasi. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya bila ruhusa yako, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Nimejicheka kuandika hivyo. Utalisikia kwa nani?

Nimekata meza yako ya kazi.

Ngoja nieleze, usinikasirikie kwanza. Unajua uliiacha nyumba katika hali gani. Kitanda cha bibi, mama yake Mama, kilikuwa sebuleni vipande vipande. Mlikitoa kijijini Ruanda nyumba ya bibi ilipoangushwa na mvua. Mguu mmoja ulikuwa umeliwa na mchwa, na kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani juu ya rangi nyingine ya kijani. Mama alizaliwa juu ya kitanda kile. Ulimwahidi kwamba Pasaka itamkuta amekilalia. Ulishakwangua rangi yote, ulishachonga mguu mpya, na jioni baada ya jioni ulikuwa unapitisha msasa kwenye mbao huku unaimba besi ya kwaya peke yake, besi ambayo bila sauti nyingine haikuwa hata wimbo. Asubuhi ile ukasema kifua kinabana. Ukakaa chini, ukaegemea ukuta. Tulipokuinua, msasa ulikuwa bado mkononi.

Wageni wa msiba walikaa katikati ya zile mbao, Baba. Mtaa wote wa Chapwa ulikuja, na ndugu wa ng'ambo ya mpaka, wa Nakonde, walivuka na magunia ya unga na masufuria yao. Watu walisema mengi mazuri juu yako. Lakini wengi walisema ulikuwa seremala, na mimi nikawa natamani kusimama niwaambie hapana. Tangu ulipopunguzwa kazi relini walikuja na oda za milango na makabati, ukawakatalia kwa upole. Hukutengeneza kitu cha mtu usiyemjua. Ulikuwa unaokota viti vilivyotupwa na nyumba za wageni kule barabarani, unavileta nyumbani, unavitazama siku nzima kabla ya kuvigusa. Na droo iliyogoma miaka mingi ilipoteleza mara ya kwanza, ulikuwa unasema polepole, "Haya, imepumua." Kisha unanipa niivute mimi. Sijui kama uliwahi kuona jinsi nilivyokuwa nakutazama uso wakati ule.

Watu walipoondoka, Mama alitandika mkeka sebuleni, pembeni ya zile mbao, akalala hapo. Chumbani kwenu hakuingia tena ila kuchukua nguo. Baridi ya huku unaijua. Akaanza kukohoa. Nikimwambia, "Mama, basi njoo ulale na mimi," ananijibu, "Nipo sawa." Maneno yake yakawa hayo tu. Chai ipo? Nipo sawa. Tumwite mchungaji? Nipo sawa.

Kaka Enea akaja na kitanda kipya kutoka madukani Nakonde anakoishi, kile cha mbao za kugandishwa kwa gundi, chenye kioo kichwani na stika ya kiwandani bado imebandikwa. Alikileta juu ya pikapu, na usoni alikuwa na furaha ya mtoto anayesubiri asifiwe. Wewe unamjua Enea, mkono wake mwepesi kutoa. Mama akasema asante. Hakukilalia.

Mara ya pili Enea alipokuja na kumkuta kwenye mkeka, hasira ikampanda. Alinifuata jikoni.

"Hizi mbao zitoke leo," akasema. "Ndizo zinamuua."

"Ni kitanda cha bibi, Enea. Baba alikuwa hajakimaliza."

"Baba amekufa, Tumaini. Mnataka mlale na vipande vyake mpaka lini?"

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia kitanda chake ni makaratasi yaliyopakwa gundi, mvua moja ikivuja kitavimba kama mkate. Alinitazama kama nimempiga kofi. Akaingia chumbani, akakifungua kitanda chake, akakipakia, akaondoka. Hajarudi. Simu hapokei. Hilo nalo lazima nikuambie, maana wewe ndiye uliyekuwa unatupatanisha, na sasa hayupo wa kutuita wote wawili tushike ubao mmoja.

Nikaamua nikiunge mimi. Nilikuwa nimekushikia mbao tangu nikiwa darasa la tatu, majirani wakisema msichana na randa wapi na wapi. Niliona naweza. Nilianza kupanga vipande uani, kichwa, miguu, chaga, ndipo nikaona ubavu mmoja haupo. Ule mrefu wa kushoto. Nilitafuta uvunguni, darini, nyuma ya banda la kuku. Nikaenda hadi pale wanawake walipopikia msibani, nikachokoa majivu. Nikapata kipande kifupi cheusi. Mwisho wake ulikuwa na ule ulimi ulioukwangua kwa kisu kidogo, wa kuingia kwenye tundu la mguu.

Waliuchoma, Baba. Kuni ziliisha, mtu akaona mbao zimeegemea ukuta.

Nilikaa chini na kile kipande mapajani. Mama akatoka akanikuta. Nilitaka kukificha, akasema, "Usifiche. Nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Mtu akipita nao begani. Nilikuwa nimekaa ndani na wanawake wanalia. Nikamwona mlangoni, nikaujua ni ubavu wa kitanda cha mama yangu. Sikusimama. Nikasema moyoni, na uende, aliyekuwa anautengeneza ameshaondoka." Akakohoa. "Siku hiyo sikuona kama ni kitu. Sasa kila nikifumba macho nauona unapita pale mlangoni."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu tukuzike. Nilimshika miguu.

Nilizunguka Tunduma nzima kutafuta ubao wa mninga, kama wa kitanda chenyewe. Kwenye maduka ya mbao yote ni paini, mbichi, inayotoa maji ukiibonyeza. Nilirudi nyumbani, nikasimama bandani mbele ya meza yako. Ule ubao wa juu, wa mninga, uliopewa na rafiki yako mfugaji wa bondeni Momba, mzito hata watu wawili hawaunyanyui vizuri. Una alama zako zote. Pale patasi iliporuka, pale ulipomwaga gundi, pale ulipoandika vipimo kwa penseli ukasahau kuvifuta. Niliupapasa muda mrefu. Kisha nikachukua msumeno.

Sasa nakuambia jambo linalonisumbua kuliko huo msumeno. Nilifurahi. Randa ilipoanza kushika, ule weusi wa nje ukatoka, na wekundu wa mninga ukajitokeza kana kwamba mti umekatwa jana, harufu yake ikajaa banda. Maranda yakajikunja miguuni. Mikono yangu ikajua cha kufanya kabla sijaiambia. Na nikajikuta naimba, Baba, sauti kabisa. Jirani yetu, Mama Subira, akaniambia kutoka upande wa pili wa ua, si kwa ubaya, "Binti, mwenye msiba anaimba?"

Nikanyamaza. Aibu ilinishika hata nikaweka randa chini. Nilijiuliza ni mtoto gani huyu, baba yake hajamaliza hata masika moja ardhini, naye anaimba juu ya meza aliyoikata. Sikushika kazi tena siku ile wala siku iliyofuata. Mpaka Mama aliponiuliza kutoka sebuleni, "Mbona umeacha?" Sikujua kama anauliza habari za randa au za wimbo. Nikarudi kwenye vyote viwili, ila kwa sauti ya chini.

Ulimi wa kwanza niliukata ukalegea, nikauharibu. Wa pili ukaingia. Nilipokuwa nakiunga chumbani kwenu, Mama alikuja akashika kichwa cha kitanda kisianguke. Alishika kwa namna nikajua si mara ya kwanza. Kumbe nilipokuwa shule, yeye ndiye aliyekuwa anakushikia. Hukuwahi kuniambia. Ubavu mpya ni mwekundu na ule wa zamani ni wa kahawia. Hata kipofu atajua kitanda hakikuzaliwa nao. Mama aliupitisha kiganja mwanzo hadi mwisho, akasema, "Baba yako angeukwangua tena hapa." Halafu akatandika mkeka wake palepale sebuleni, akalala chini.

Sikukuficha neno hapo mwanzo na sitakuficha hili. Niliumia. Nililia kwenye khanga ili asinisikie.

Lakini leo asubuhi nilipopita na maji ya kuoga, mkeka ulikuwa umekunjwa. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Alikuwa amelala upande wake wa ukutani, blanketi hadi kidevuni, macho wazi. Alipogeuka kunitazama, kitanda kikalia, kwii, pale kwenye ulimi wangu.

"Kinalia," akasema.

"Nitakikaza, Mama. Nikipata kabari nyembamba nitakikaza leo."

Akageuka tena, makusudi, akakisikiliza.

"Kiache," akasema. "Chumba kilikuwa kimya mno."

Bado anakohoa, na mchana nitampeleka hospitali, atake asitake. Jumamosi nitavuka Nakonde kumtafuta Enea, nimwombe radhi kwa yale maneno ya kitanda chake. Hilo nakuahidi, hata akinifungia mlango. Na nitakutafutia ubao mwingine, Baba, hata kama ni wa kubeba kutoka bondeni, niipe ile meza uso mpya. Haitakuwa yako tena, najua.

Pumzika. Mama ananiita.

Mwanao,
Tumaini