Beseni la Yaya na Neno la Kigiriki

Yaya mpendwa, dada yangu mkubwa,

Usicheke. Nimefungua tena ile kaye yangu, daftari la Kigiriki, ile uliyotaka kufungia ndagala, dagaa wa ziwani, ukisema maandishi yake yanafanana na nyayo za kuku. Kwenye shule ya Biblia kule Bukavu nilipata alama za aibu, unajua. Lakini wiki hii, nikitayarisha fundisho juu ya Yesu kuponya wagonjwa, nimekuta neno nililolipigia mstari nikiwa kijana, nikalisahau miaka yote niliyovaa koti la uchungaji.

Neno lenyewe ni therapeuo. Injili zinalitumia mara nyingi zinaposema Yesu aliponya watu. Lakini kabla ya kuwa kuponya, lilikuwa kuhudumia: kukaa karibu na mtu, kumtunza. Paulo alipowaambia watu wa Athene kwamba Mungu hahitaji kuhudumiwa kwa mikono ya watu, alitumia neno hilo hilo. Mungu hahitaji mikono yetu, Yaya. Mgonjwa anaihitaji. Nikafunga kaye, nikakuona weye na beseni lako la buluu.

Huku kwetu Uvira muuguzi haulizi kwanza unaumwa wapi. Anauliza, "Garde-malade ni nani?" Nani atalala kwenye mkeka kando ya kitanda, nani atachota maji, atapika, atafua? Katika ukoo wetu jibu lilikuwa moja. Ulitoka Mulongwe na beseni kichwani, sabuni na sufuria ndani yake, kama mtu anayekwenda sokoni. Mama alipovunjika nyonga ulikaa naye mpaka wauguzi wakakuachia ufunguo wa stoo. Mimi nilikuja mchana, nikaomba kwa sauti kubwa, nikanywa uji wa mgonjwa, nikarudi zangu nyumbani Songo. Ulisema, "Pasta, maombi yako iko na njaa sana."

Halafu ukaugua weye.

Nililofanya Jumapili ile sijawahi kuliandika. Kanisani kwetu aliyeombewa husimama mbele na kutoa ushuhuda kwamba amepona, hata kama mwili wake bado haujapata habari. Nilikuita. Ulisimama, ukashika benchi kwa mikono miwili, ukasema, "Bwana asifiwe," ukakaa. Watu wakapiga vigelegele. Shemeji, mume wako, hakupiga. Yeye alikuwa ameona magoti yako. Nilidhani imani ndiyo iliyokuinua. Leo najua ulisimama ili mdogo wako asiaibike mbele ya watu.

Siku mbili kabla hujatuacha, niliweka mkono kwenye paji lako nikaanza maombi marefu. Ukafumbua jicho moja.

"Mudogo, nigeuze kwanza. Utaomba kisha. Huu ubavu inaniunguza."

"Ngoja nimalize, Yaya."

Sikumaliza upesi. Shemeji akaingia na maji, akakugeuza yeye, kisha akaniangalia. Tangu tulipokuzika, mimi naye hatukuongea zaidi ya salamu ya barabarani.

Sasa sikiliza. Mwezi uliopita Shemeji alianguka. Upande wake wa kuume haumsikii tena. Mwanenu analima mpunga Luberizi, anakuja Jumamosi tu. Muuguzi akauliza swali lile lile, na hapakuwa na wa kulijibu. Nilipopata habari nilikwenda nyumbani kwenu, nikashusha beseni lako kutoka juu ya kabati. Koti la uchungaji nililiacha Songo.

Nilipofika lopitali, Shemeji alinitazama kutoka kitandani, akalitazama beseni. Mdomo wake umepinda kidogo, lakini maneno bado yana miiba.

"Weye? Umekuja kunisimamisha kwa ushuhuda?"

"Hapana, Shemeji. Nimekuja kufua."

"Minye najua uji yako. Iko kama udongo ya kujengea nyumba."

Hakukosea. Uji wa kwanza uliungua, nikaumwaga nyuma ya jiko la lopitali. Wale wanawake, garde-malade wenzangu (ndiyo, nimeanza kusema "wenzangu"), wakanifundisha kukoroga unga kwenye maji baridi kwanza. Wananiita Mama Pasta. Ungecheka mpaka ukae chini.

Sijui kama atatembea, wala sijamwambia mtu yeyote kwamba atatembea. Bado naomba, Yaya, na bado naamini Yesu aliponya watu kabisa, wakajitwika vitanda vyao wakaenda. Ila juzi alasiri, upepo wa ziwani ulipoingia dirishani, niliweka mkono kwenye paji lake kwa mazoea, nikafumba macho.

"Shemeji," akasema. Hakuwa ameniita hivyo tangu maziko yako.

"Eh?"

"Nigeuze kwanza."

Nikafumbua macho. Nikaweka mkono mmoja begani pake, mwingine nyongani, kama nilivyokuona ukimfanyia Mama, siku zile nilipodhani siangalii. Nikamgeuza. Nikapaka mafuta pale ngozi ilipoanza kuchubuka. Kisha tukaomba, maombi mafupi ambayo ungeyasifu, na yeye ndiye aliyesema amina.

Nisamehe ule ubavu, Yaya. Maji ya beseni yamepoa, naenda kuyabadilisha. Weye pumzika, ulalie upande wowote unaoupenda.

Mdogo wako,
garde-malade wa mume wako