Sanduku la Urefu wa Paja

Tezo, 19 Januari 2025

Mwanangu Nyevu,

Amani ya Bwana ikukute salama. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, nalo goti tumeshazoeana. Kuku wanataga, mihogo imeshika vizuri. Wewe hujambo? Na huyo bibi unayemtunza huko Yerusalemu, amepata nafuu au angali anakurushia kijiko? Ving'ora vimenyamaza? Nikisikia habari za huko redioni chakula hakipiti.

Barua naiandika kwa kalamu, Trizah wa dukani ataipiga picha akutumie. Nimemwambia asisome. Anasoma.

Jambo lenyewe ni babako. Wajua alifia Ngomeni zile mvua za mwisho wa 2023, barabara ikakatika, tukamzika huko huko nyuma ya banda lake la kukaushia samaki wa ng'onda kwa kuwa hapakuwa na njia ya kumleta nyumbani. Sasa bahari imemfuata. Juzi nilikwenda. Mnazi uliokuwa upande wa pili wa kaburi umelala majini, na maji makuu ya bamvua yameacha mwani juu ya msalaba wake. Zile bamvua kubwa za mwisho wa Machi zikija, mwanangu, sitakuwa na kaburi la kupalilia. Nataka kumleta hapa Tezo, nyuma ya nyumba, alipolala babake.

Chifu na watu wa afya hawana neno, ila wanataka ukoo uwe na kauli moja. Hapo ndipo pana kazi. Mchungaji Musembi anasema kufukua mifupa ni mambo ya mizimu, na Bwana alishasema waache wafu wazike wafu wao. Nikifanya, kanisa halimo. Babako mdogo Karisa naye anasema mifupa ya kakake haivuki mto Sabaki bila kumwagiwa tembo la mnazi na kusimikiwa koma, kile kigingi cha wahenga, na mimi kigingi sitaki uani kwangu. Huyu ananitoa kanisani, huyu ananitoa ukooni. Nimekuwa nazi, kila mtu na mbuzi yake.

Karisa husikia neno lako. Mpigie simu. Na uombe likizo uje.

Mamako,
Sidi


Yerusalemu, 2 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nashukuru Mungu naamka. Goti lipake yale mafuta ya ufuta, si kulitazama tu. Ving'ora vimetulia kidogo. Kijiko bado kinaruka.

Nilimpigia baba mdogo. Alinisalimia vizuri, akaniuliza kama nimeolewa, nilipotaja kaburi akasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Lakini sikia, mama. Nilimsimulia Bi Rivka, huyo wa kijiko, habari za baba nikidhani anasinzia. Akaketi kitandani wima! Kumbe kabla ya miguu kumshinda alikuwa akichimba makaburi ya kale, kazi yake ya maisha. Anasema zama za Yesu, hapa Yerusalemu, maiti alizikwa siku ile ile, kwa sanda, ndani ya pango. Kisha ukipita kama mwaka, nyama ikiisha, watoto walirudi wakaikusanya mifupa wakaitia katika sanduku dogo la jiwe. Masanduku hayo yamepatikana mengi sana, mengine yamekwaruzwa jina ubavuni kwa msumari. Na urefu wake ni urefu wa paja, kwa sababu mfupa wa paja ndio mrefu kuliko yote. Huo ukiingia, mingine yote inaingia.

Tena anasema yule mtu aliyemwambia Yesu "nipe ruhusa kwanza nikamzike babangu", kama babake angekuwa amekufa siku hiyo, angekuwa nyumbani akilia, si barabarani akizungumza. Kuna wasomi wanaodhani babake alishazikwa zamani, alikuwa akingojea mwaka utimie akusanye mifupa. Wenzake wengine hawakubali. Nikasema hata sisi hatukubaliani, mama.

Likizo sijaomba bado. Nitaomba.

Bintiyo,
Nyevu


Tezo, 9 Februari 2025

Nyevu,

Salamu. Mimi mzima. Mafuta nimepaka.

Mwanangu, nimeomba mkate umenipa jiwe. Tena jiwe lenyewe sanduku!

Nilikuambia umtulize Karisa na uombe likizo. Badala yake naletewa mapango ya Yerusalemu na vipimo vya mapaja. Paja litanisaidia nini mimi, na maji yako mlangoni kwa babako? Hata hivyo, kwa kuwa ni wewe, nikampelekea Mchungaji Musembi maneno yako. Akanisikiliza kwa upole wake ule unaouma. Akasema, "Dada Sidi, hilo limeandikwa wapi? Mimi nahubiri Biblia, sihubiri masanduku." Nikarudi na baiskeli imepasuka tairi, nikaisukuma mpaka nyumbani nikiwaza nimeolewa na kanisa gani.

Karisa nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa. "Yaani Mzungu wa huko anapima maiti kama anapima kanga?" Nikamwambia si Mzungu, ni Myahudi. Akasema, "Basi amwagie mnazi." Ndiyo mazungumzo yangu hayo, kila jioni. Huyu akianza na mstari, yule anamalizia na kibuyu.

Na likizo? "Nitaomba." Hilo "nitaomba" lako nalijua tangu darasa la tatu.

Mamako,
Sidi


Yerusalemu, 23 Februari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa tairi. Mimi ni mzima wa afya, moyo ndio hautulii.

Nilimsomea Bi Rivka barua yako. Pale pa jiwe alicheka mpaka nikamshika mgongo. Kisha akasema, mwambie mchungaji wenu asiende mbali, afungue Mwanzo. Ibrahimu akafa, akakusanywa kwa watu wake. Isaka vivyo hivyo. Yakobo naye. Mimi na wewe, mama, tumelisoma neno hilo miaka yote tukidhani ni adabu tu ya kusema mtu amekufa, kama sisi tunavyosema ametangulia.

Bi Rivka anasema katika makaburi ya zamani zaidi, ya siku za wafalme, kila ukoo ulikuwa na pango lake lenye vitanda vya mawe. Maiti akilazwa hapo, nyama ikiisha, mifupa yake iliondolewa ikatiwa katika shimo la pembeni, pamoja na mifupa ya babake na babu yake. Yeye mwenyewe ameishika, ya watu wengi imechanganyika, na taa ndogo za udongo juu yake. Nikamuuliza, basi neno lilitoka pangoni? Akasema, "Sijui. Hakuna ajuaye. Lakini nilipoliona lile shimo sikulisoma neno hilo tena kama zamani."

Na katika maandishi ya kale ya walimu wao kuna ubishi. Mmoja anasema mtu aruhusiwe kukusanya mifupa ya babake na mamake hata ndani ya siku za sikukuu, maana kwake ni furaha. Mwenziwe akamkatalia: hapana, ni msiba. Nikamuuliza Bi Rivka nani alishinda. Akaniuliza, "Wewe ulimzika babako?" Nikamwambia hapana, sikuwahi ndege. Akasema, "Basi swali hilo bado linakungoja."

Likizo nimeomba, mama, kweli safari hii. Wanasema mpaka apatikane mtu wa kushika nafasi yangu.

Bintiyo,
Nyevu


Yerusalemu, 20 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. U mzima? Umenikasirikia? Simu yako haishikwi. Trizah nikimwandikia ananijibu "mama yuko" na picha ya ua. Ving'ora vimerudi, usiogope, tuna mahali pa kushukia. Naogopa ile bamvua kuliko ving'ora. Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunigombeza.

Nyevu


Tezo, 6 Aprili 2025

Mwanangu Nyevu,

Bwana akufunike huko kwenye ving'ora, nimekuwekea mfungo. Mimi sijambo. Goti limevimba, na mara hii lina haki.

Sikukukasirikia. Nililitafuna lile neno kwanza. Nikalibeba mpaka maombi ya Jumatano, nikainua mkono. "Mchungaji, nieleze. Kukusanywa ni nini?"

"Ni kufa, dada Sidi."

"Kufa kumeshatajwa. Akafa, kisha akakusanywa. Biblia hairudii neno bure, wewe ndiwe uliyetufundisha. Na Musa alipotoka Misri, watu wakibeba dhahabu, yeye alibeba nini?"

Anafuta miwani. Trizah akaropoka kule nyuma, "Mifupa ya Yusufu!" kama yuko shule ya Jumapili. Mchungaji akasema ataliombea jambo hilo, na wewe wajua akisema hivyo amekataa. Nikaondoka kabla ya wimbo. Sijawahi kuondoka kabla ya wimbo.

Nikasema basi, na nitengwe. Nikamwita fundi wa mbao. Akaniuliza, "Jeneza la kimo gani, mama?" Hapo nikashtuka. Jeneza zima ni mazishi mazima: Mchungaji atasema namzika mtu mara mbili, Karisa ataita ukoo wote hadi Matsangoni, matanga yaanze upya na ngoma na mnazi. Nikamwambia si jeneza, ni sanduku. "La urefu gani?" Ndipo nikalikumbuka paja lako, nililolitukana.

Lakini paja la nani? Langu mimi ni la kuku. Na Karisa alikuwa pale pale kwenye kigoda, amekuja kugomba kama kawaida yake. Wajua yeye na babako walivaliana suruali tangu ujana. Nikamwambia, "Shemeji, simama."

"Nisimamie nini?"

"Fundi akupime paja."

Alinitukana mimi, akamtukana fundi, akakutukana wewe na mawe yenu ya Yerusalemu. Kisha akasimama. Fundi akashusha futi kutoka nyongani hadi gotini. Karisa akaitazama ile futi, matusi yakamwishia mdomoni. Akasema, "Alikuwa akinizidi kidogo. Ongeza kidole."

Akaketi, akajifunika uso kwa kofia. Mimi na fundi tukaenda kutazama mihogo.

Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa chifu akasema ukoo una kauli moja.

Tulitangulia bamvua. Karisa alishuka shimoni yeye, hakukubali kibarua amguse kakake. Maji yalikuwa yanachungulia ukingoni. Alinipa mifupa mmoja mmoja, mimi nikaipanga juu ya kanga, ile ya buluu aliyoninunulia Malindi. Paja likaingia sandukuni sawasawa, Nyevu, kile kidole kikiwa ndicho nafasi yake. Karisa akakwaruza jina la babako, BAYA, ubavuni kwa msumari. Hakuna aliyemwambia. Ama labda alinisikia nilipokuwa nikimsomea barua yako, naye akijifanya anacheka.

Nilipoinua macho nikamwona Mchungaji Musembi mbali kule mchangani, amevaa fulana, viatu mkononi. Nikadhani amekuja kunikemea mbele ya watu. Akaja polepole, akatazama sandukuni, akasema, "Mimi sikuja kuzika. Baya alishazikwa. Leo tunakusanya." Akaanza kuomba. Sala ya siku hiyo hata Eliya angechoka! Mpaka Karisa akasema, "Mchungaji, amina basi, maji hayo!"

Kwa hiyo yuko nyumbani, ubavuni kwa babake. Koma hakuna. Ila jioni nilimwona Karisa nyuma ya nyumba na kibuyu, anatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Nikafumba macho nikasali. Nikasali kirefu, mpaka nikasikia hatua zake zinaondoka.

Mwambie Bi Rivka wale walimu wake wawili wote wamesema kweli. Asubuhi ulikuwa msiba. Jioni Mchungaji na Karisa walikula sahani moja huku wakibishana, nami nilicheka mpaka nikaona haya. Na mwambie paja lilinisaidia. Asirushe kijiko.

Trizah anasema nikwambie hakusoma barua hii. Macho yake mekundu.

Sasa wewe. Nafasi iliyo kati ya babako na ukuta ni yangu, asipewe mtu. Lakini wewe ungali na nyama juu ya mifupa, na miguu unayo. Waambie hao wenye likizo kwamba mamako amechoka kungojea. Njoo ukusanywe ungali unatembea.

Mamako,
Sidi