Nilimwambia Mke Wangu Ameshuka, Kumbe Bado

Mpendwa Mwalimu Leelamma,

Pole kwa kazi ya kubeba matatizo ya watu, sasa naomba uongeze na langu, maana nimelibeba peke yangu mpaka limenishinda. Mimi ni fundi cherehani hapa Alappuzha, nina miaka hamsini na mbili, sinywi, sijawahi kumwinulia mke wangu mkono, watu wananiheshimu, lakini kuna jambo nimemfanyia na yeye hajui, na wiki tatu kutoka leo atalijua mbele ya ukumbi mzima. Tafadhali usitaje majina yetu, kwa sababu ukurasa wako ndio anaoufungua kwanza kila Jumamosi gazeti likifika, hata kabla ya kurasa za tanzia. Yeye nimwite Ajitha, binti yetu nimwite Neethu, mimi niite utakavyo.

Neethu ni mtoto wetu wa pekee, alipomaliza uuguzi akaenda Ujerumani kama wasichana wenzake wa mtaa huu, na mama yake aliporudi kutoka uwanja wa ndege alijilaza, akawa mtu wa kulala tu, wali unaungua jikoni na yeye amesimama hapo hapo anautazama, ikawa hivyo karibu mwaka mzima, mpaka daktari akasema mama huyu atafutiwe mazoezi. Kutembea hakutaka kwa sababu kila anayekutana naye njiani atamuuliza habari za mtoto. Sasa nyuma ya duka langu kuna klabu ya kunyanyua vyuma, nawe unaujua mji wetu na vyuma, kila ukoo una mtu mwenye kombe juu ya kabati, na Kocha Thankachan ni mteja wangu wa siku nyingi kwa sababu mapaja yake hayaingii suruali ya dukani. Akaniambia mlete asubuhi, saa ya akina mama. Nilimpeleka karibu kwa kumvuta, akanyanyua chuma kitupu akiwa amevaa churidar yake, gauni juu ya suruali, shali ameifunga kiunoni, na siku ile alirudi nyumbani akala muhogo na mchuzi wa samaki sahani mbili, mimi nikajifanya naangalia televisheni ili asione ninavyofuta macho.

Miezi michache baadaye kocha akaenda Kuwait kumwona mjukuu wake, na kabla ya kuondoka alinishika bega akaniambia, “Fundi, wewe jicho lako ni la kupima. Akichuchumaa na chuma begani, kaa ubavuni pake. Mkunjo wa nyonga uwe chini ya goti. Haujafika, mwambie bado. Usimhurumie mtu humu ndani, umenisikia?” Nikamwambia nimesikia. Mpaka leo hajarudi.

Asubuhi moja Neethu alipiga simu kusema likizo ya sikukuu ya Onam amenyimwa, mama yake akaja klabuni macho yamevimba, akaweka chuma begani, akachuchumaa, akainuka, akaniuliza huku anahema, “Nimeshuka, baba Neethu?” Mwalimu, hakuwa ameshuka. Nyonga ilibaki juu ya goti, na mimi nakata kola za watu kwa jicho, sikosei. Nikasema, “Umeshuka! Umeshuka vizuri!” Akacheka. Ana mwanya kati ya meno ya mbele, nilikuwa nimesahau kwamba anao. Kesho yake nikasema tena umeshuka, na keshokutwa, na kila niliposema akaongeza uzito, na uzito ukizidi ndivyo alivyozidi kuchuchumaa juu juu, hata kilo sabini za kweli zikawa tisini za uongo, tisini zikawa mia na kumi, na kila kilo iliyoongezeka niliiongeza mimi kwa mdomo wangu.

Basi akajiandikisha mashindano ya wilaya, ya kwanza maishani mwake. Vijana wa mtaa wamechapisha bango, uso wake mkubwa kuliko mlango wangu wa duka, limeandikwa “Mama yetu wa chuma, tuko nyuma yako,” wamelifunga njia panda kati ya bango la diwani na bango la bwana harusi. Neethu naye safari hii ameomba likizo mapema, amekata tiketi, anakuja kumwona mama yake.

Na sheria ni hizi. Kuchuchumaa ndiko kunakoanza, unapewa nafasi tatu, waamuzi watatu wamekaa na taa zao, wawili wakiwasha nyekundu umekosa, na uzito uliouanzia huruhusiwi kuupunguza. Ukikosa zote tatu umetoka, hata ule mchezo wa kulala benchi na ule wa kuinua chuma kutoka sakafuni hutaufikia. Ajitha anataka kuanza na mia na kumi. Namwona tayari amesimama pale, taa nyekundu zote, anageuka ananitafuta mimi kwenye viti.

Kuna kingine. Ameniomba mara kadhaa nimpige video kutoka ubavuni amtumie mtoto, nami kila mara napiga kutoka mbele, nasema ubavuni kuna giza, kwa sababu kutoka mbele huwezi kujua mtu ameshuka kiasi gani. Mara ya mwisho aliitazama ile video, akanitazama mimi, akasema tu, “Haya.”

Na la mwisho nalitoa kwako tu. Siku bango lilipofungwa, pale kibanda cha chai Sasidharan muuza matairi akanitania, “Fundi, mkeo akirudi na kombe wewe utabeba nini? Begi lake la jasho!” Wote wakacheka, mimi nikacheka nao, lakini wakati nacheka wazo likanipita, kwamba atakosa, na akikosa atarudi nyumbani awe kama zamani, wangu. Zamani gani, Mwalimu? Ile ya wali kuungua? Nimejichukia tangu siku hiyo. Najuta ile asubuhi ya kwanza kuliko nilivyowahi kujutia kitu chochote.

Sasa nifanye nini? Nimwambie, nimvunje moyo mtu niliyemwona anafufuka? Au ninyamaze, huenda waamuzi wakampa mama wa umri wake huruma kidogo? Au siku ile nijifanye nimebanwa na kifua tusiende kabisa? Anwani ya duka nimeiandika nyuma ya bahasha.

Mume mwenye majuto,
Alappuzha

MWALIMU LEELAMMA ANAJIBU

Ndugu fundi,

Nianze na hilo la kubanwa na kifua, tulimalize haraka. Mkeo amekaa kitandani mwaka mzima kwa huzuni, na wewe unataka kumpeleka hospitali badala ya ukumbini, akae kwenye benchi la wodi anakulilia na wewe mzima? Hapana. Aibu yako usiifanye ugonjwa.

Nimekuonea huruma, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Asubuhi ile ya simu ya Neethu hata mimi huenda ningesema ameshuka. Mtu aliyekaa na mke asiyecheka mwaka mzima, akiuona ule mwanya, atasema lolote auone tena. Lakini ile ilikuwa asubuhi moja, nyingine zote zilikuwa zako wewe. Uliipenda ile kazi ya kuwa mtu anayemchekesha, ukaona afadhali umlipe uongo kila siku kuliko kumwambia “bado” akununie kidogo. Kocha alikuachia jicho lako kwa sababu analiamini. Mteja akija kwako suruali fupi inchi mbili, unamwambia imekukaa vizuri, nenda nayo harusini?

Wazo la kibandani nalo umelitaja na kujichukia, vizuri, sasa acha kujichukia maana kunakupotezea muda. Wanaume wengi wa umri wako huwaza hivyo mke akipata kitu chake mwenyewe. Tofauti ni kwamba wewe ulikuwa na njia ya kulitimiza, na kwa kunyamaza unaelekea kulitimiza. Ukikaa kimya mpaka siku ile, hutakuwa tena mume aliyemhurumia mkewe, utakuwa mume aliyemwangusha. Na Neethu atakuwa amekaa kiti cha pembeni yako.

Waamuzi hawatamhurumia. Nimemuuliza mmoja mstaafu ninayemfahamu, amecheka. Anasema wao hawamjui mama wala mjukuu, wanatazama nyonga na goti, na wanyanyuaji huwaheshimu kwa hilo. Akaongeza neno ambalo nataka ulikariri: uzito wa kwanza kwenye mashindano ya kwanza uwe ule ambao mtu angeunyanyua hata akiwa na homa. Kwa mkeo hiyo ni sabini, uliyoitaja mwenyewe. Akiandikishwa sabini, akashuka kweli, hiyo ya pili na ya tatu ataongeza, na michezo miwili iliyobaki hukuigusa kwa uongo wako, yote ni yake kamili. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika ambacho wiki moja na nusu haiwezi kutengeneza, isipokuwa imani yake kwako, ambayo itachukua muda mrefu zaidi, na utaisubiri bila kulalamika.

Sasa sikiliza vizuri. Mtu asiyeshuku haombi video ya ubavuni. Ameomba, ameomba tena, halafu akasema “haya.” Sijui anajua kiasi gani, lakini nadhani anakungoja wewe useme.

Na nimegundua jambo jingine. Magazeti yapo mengi, washauri tupo wengi, na wewe umeniandikia mimi, kwenye ukurasa ambao mkeo anaufungua kabla ya tanzia. Unaniomba nifiche majina halafu umenipa bango, njia panda, cherehani na Ujerumani. Fundi, ulitaka nimwambie mimi. Ulitaka asome, akuangalie, wewe uinamishe kichwa na maneno yawe yameshasemwa na mtu mwingine. Sitakufanyia hivyo. Nakala ya jibu hili nimeituma dukani kwako kwa posta, bahasha haina jina la gazeti, itakufikia Jumatano, ikichelewa sana Alhamisi. Ukurasa utatoka Jumamosi. Mashindano ni Jumapili ya wiki inayofuata. Hizo siku ndizo zako.

Mwambie klabuni, chuma kikiwa mahali pake, si jikoni na si mbele ya watu. Usianze na mapenzi yako, wala na simu ya Neethu, atadhani unajitetea. Anza hivi: “Hukushuka, na nilijua.” Kisha nyamaza, akupige maneno mpaka amalize. Akilia usimfariji upesi. Akikwambia utoke, toka. Kesho yake mpigie kocha Kuwait, umwambie naye, na video za ubavuni awe anatumiwa yeye mpaka siku ya mashindano. Bango liacheni lilivyo, halikutaja kilo. Na begi la jasho libebe wewe, ulibebe ukipita mbele ya kibanda cha chai, kwa mwendo wa kawaida.

Na wewe dada tuliyekuita Ajitha. Kama leo Jumamosi unasoma haya na yeye ameshasema, basi hii ni habari ya jana kwako, kunywa chai yako na mkasirikie kadiri unavyotaka. Kama hajasema, pole sana mama, nami najuta kuwa ndiye niliyekufikishia. Usimwamshe. Nenda klabuni kwanza. Tia kilo sabini, simamisha simu ubavuni hata kama kuna giza, ushuke mpaka chini, kisha utazame mwenyewe. Ukishatazama, mwite aje. Akifungua mdomo kusema umeshuka, mwambie anyamaze, umeshaona.