Viti Vyangu Sita

Jumapili, baada ya Magharibi

Assalamu alaikum, daftari langu. U mzima? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, lakini roho inachemka.

Wiki nzima nimehangaika na viti sita vya meza ya kulia. Nimebandua vitambaa vilivyochakaa, nikatia sponji mpya, nikavuta kitambaa kipya na kukigongea misumari kwa chini. Kidole gumba kimevilia damu. Mume wangu Khamis alikuwa akipita tu na kucheka: "Mama Rukia, hiyo kazi ya wanaume. Vitaangusha watu."

Leo dada yake, Bi Salma, amekuja kutoka Vitongoji kula nasi mchana. Tulitandika mkeka kama kawaida tukila na jamaa, lakini yeye goti linamuuma, akaomba kiti. Akakaa, akakipapasa.

"Yarabi! Fundi gani huyu?"

Na Khamis, bila haya, mdomo umejaa wali: "Ndo mie, dada. Wiki nzima nimo humo."

"Mkono wako toka utotoni haukosi! Basi Jumamosi nakuletea vyangu vinne."

"Vilete tu!"

Kumuumbua mume mbele ya dada yake si adabu. Lakini vinne! Mtu hajui hata nyundo inakaa wapi.

Nimekwisha kuamua. Jumamosi vikifika nitamtia nyundo mkononi, Bi Salma akiwa pale pale anatazama, nami nitakaa pembeni na tasbihi yangu.

Kama ni dhambi, daftari langu, nijibu upesi, kabla ya Jumamosi.