Jiwe Lililotumbukia Kwenye Chai

Wanangu, na wewe pia, Baba watoto,

Maharage yako jikoni, pasheni moto tu. Atakayerudi wa kwanza aanue nguo. Mvua za siku hizi hazipigi hodi.

Lile koleo dogo la kukatia waya ninalo mimi. ~~Nitalirudisha jioni.~~ Silirudishi.

Mliokuwa mmelala hamkusikia. Asubuhi nilikuwa najifunza kuzungushia waya wa shaba lile jiwe langu jeusi la mtoni, niligeuze kidani. Laini kama sabuni! Likachoropoka mara ya tatu, safari hii likatumbukia kwenye chai ya baba yenu. Nikamwomba radhi. Yeye akabeba kopo zima la mawe yangu pale dirishani, akayavurumisha uani: "Nyumba hii si machimbo ya kokoto!" Mtu mzima, shati limelowa chai, anagombana na mawe.

Nimeyaokota yote. Lile jeusi liligonga ukuta, likamegeka ubavuni. Nusura nilie. Kisha nikapitisha waya kwenye hilo pengo, nikakaza kwa koleo, nikalitikisa. Halitoki ng'o.

Kwa hiyo, Baba watoto, ahsante kwa msaada. Nimelivaa shingoni, naenda nalo kazini, na nikiulizwa fundi ni nani nitasema tuko wawili.

Kopo nimelirudisha palepale dirishani. Yaliyo laini nimeyaweka juu. Hasira zikikupanda tena, yarushe, ila lenga ukuta vizuri.

Mama watoto,
mwenye machimbo