Sindano ya Maji

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Leo nimekuwa mwalimu. Mimi Swalihu wa mitumba, niliyeishia Kidato cha Pili!

Kliniki ya kisukari wamekuja watafiti. Wanataka kujua kwa nini wagonjwa tunakimbia masharti. Wameona manesi wafundishwe huruma: kila nesi apewe mgonjwa, aishi kama yeye mpaka Jumapili. Ajichome sindano asubuhi na jioni (yake ya maji tu), ale kwa saa. Na nyumbani asimwambie mtu kwamba ni mafunzo.

Nimepewa nani? Sista Yasinta. Yule yule wa "umekula nini tena wewe?" Nikamwambia aniamkie, mimi ndiye mwalimu wake. Hakucheka.

Jumanne, 6 Agosti

Sista kajichoma, kachelewa kula. Kwa maji haidhuru, lakini nikamfokea kwa sauti yake mwenyewe: unataka kufa? Ukifa usinisingizie. Benchi zima la wagonjwa hoi kwa kicheko. Hakuna mwigizaji kama mimi Dodoma nzima.

Mchana zamu yangu. Wateja wa jinzi walinibana, sikula, sukari ikashuka. Huwa inakuja polepole. Kelele za soko zinasogea mbali. Mashati yanapepea kwenye kamba bila haraka. Vumbi linasimama hewani, zuri. Nikajiona niko kwetu Bahi, mtoto, maji ya mpunga magotini, hakuna anayeniita. Pazuri kule – ndiyo hatari yake.

Athuman wa meza ya pili akanimiminia soda mdomoni. Athuman anajua. Stara wangu hajui. Stara anadhani mimi ni mtu wa ndoto tu. Na barua ya posa inapelekwa kwao Jumapili. Baba yake akisikia mimi mgonjwa, itarudi hata haijafunguliwa.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Mji mzima uko kwenye maonyesho, soko limelala.

Sista Yasinta amekuja mezani kwangu. Jana jioni wifi yake, Edina, alimkuta anajichoma chumbani. Hakuuliza kitu. Asubuhi Sista akakuta kikombe chake kimetengwa peke yake dirishani, na mtoto wa Edina kakatazwa kulala naye. Siku hizi mtu akiona sindano anawaza UKIMWI.

Nikamwambia, si useme ni maji? Akasema masharti hayaruhusu. Halafu akasema, mdogo wangu, mimi Jumatatu nitawaambia, tutacheka wote, kikombe kitarudi kabatini. Wewe Jumatatu yako lini?

Nikajidai namtafutia blauzi kwenye rundo. Nilitafuta sana. Yeye amesimama tu, hana hata saizi aliyotaja.

Ijumaa, 9 Agosti

Upepo. Sikuuza. Mdomo wangu huu unaouza koti la baridi saa sita mchana – leo umegoma.

Jumamosi, 10 Agosti

Stara kaja kwangu Nkuhungu kunionyesha kitambaa alichonunua. Nikamkaribisha ndani, mlango wazi, nikatoa chupa ya dawa kwenye mtungi ninamoipoza. Nilikuwa na maneno yangu ya kuchekesha, nimeyapanga usiku. Yakanikimbia. Nikasema tu: kisukari. Tangu nina miaka kumi na sita. Sindano kila siku, na haiishi.

Akaishika chupa, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Akauliza, kwa hiyo ule usingizi wako wa macho wazi, unaniangalia na hunioni, ndio huo? Nikasema ndiyo. Akasema, nami nilidhani unamwaza mwingine.

Akauliza kama inauma. Nilitaka kumwambia dume kama mimi haumii. Nikasema inauma.

Habari ya kesho hajaigusa. Si ndiyo, si hapana. Nami sijathubutu kuuliza.

Saa ya dawa imefika. Kalichukua bomba la sindano mkononi mwangu, kanambia kaa hapo hapo, na sasa yuko nje kwenye jiko analichemsha. Namwona dirishani. Kajitanda kanga kwa ajili ya vumbi. Anapuliza mkaa. Ameacha kupuliza. Kachuchumaa tu, anayatazama maji, na kitambaa chake kipya kiko hapa kwangu juu ya kitanda, hajakikunja –